Bomba linalotoka bila vita: uchambuzi wa kisa cha viungo vya mabomba ya chuma kwenye maji ya shinikizo dogo

Kisa hiki ni cha kweli. Jina la mahali, aina ya bidhaa na majina ya wahusika vimeondolewa, na vipimo vichache visivyogusa hoja vimekadirishwa. Vipimo vya viungo vyenyewe vimeachwa kama vilivyokuwa, kwa sababu ndivyo vyenye somo.

## Usuli

Karakana moja ilikuwa inapoozea mashine sita kwa maji yanayozunguka. Tangi lilikuwa juu, usawa wake wa maji mita 4 kutoka kwenye mashine. Maji yalishuka kwa uzito wake, yakapita kwenye mashine, yakaingia kwenye tangi la chini, kisha pampu ndogo ikayarudisha juu. Mita 4 za maji ni takriban baa 0.4. Joto la maji halikuzidi nyuzi 40. Kwa kila kigezo, huu ulikuwa mfumo mpole.

Kila mashine ilikuwa na mabomba matatu: mawili yaliyonyooka, la kuingiza na la kutoa, kila moja likivuka nafasi ya mm 900, na moja lenye pinda la nyuzi 90. Jumla 18. Yote yalikuwa ya stenlesi, kipenyo cha nje mm 22, unene wa ukuta mm 1.2. Mabomba mengine mawili yalikuwa upande wa pampu unaovuta.

Maji yalikuwa na chokaa nyingi. Kila baada ya wiki mbili mabomba yote 18 yalitolewa, yakasuguliwa ndani kwa brashi ndefu, yakaloweshwa kwenye maji ya asidi ya sitriki, yakarudishwa. Hiyo ndiyo kazi iliyozaa tatizo.

## Hali iliyokutwa

Viungo vya awali vilikuwa vya kubana: nati ya brasi inayosukuma pete ya brasi ikalikumbatia bomba. Ni kiungo kizuri sana kwa bomba litakalokaa miaka bila kuguswa. Hapa kilifunguliwa kila wiki mbili, na kila mara kikakazwa kidogo zaidi kuliko mara iliyotangulia ili kisivuje. Baada ya miezi michache pete zilikuwa zimepasuka au zimekaa upande, nati nyingine zimekwaruza uzi wake, na viungo kama kumi vilikuwa na kitambaa kimefungwa chini yake kunyonya maji.

Maelezo ya kwanza yaliyotolewa na wahusika yalikuwa kwamba pete zimechoka, basi zinunuliwe bora zaidi. Timu ya usanifu ilikaa ikatazama kazi ya kutoa mabomba kuanzia mwanzo hadi mwisho kabla ya kukubali hilo, na kilichoonekana kilikuwa kingine. Kwenye kiungo cha kubana bomba huingia ndani ya mwili wa kiungo kiasi cha mm 15 hadi ligote. Nati zikishafunguliwa pande zote mbili, bomba bado limefungwa, kwa kuwa haliwezi kwenda kushoto wala kulia. Mafundi walikuwa wanaegemea bomba kuu la matawi, lile linalogawia mashine maji, kwa bega, wanalisukuma nje kidogo, wanalikunja bomba katikati kama upinde, ndipo ncha inachomoka. Wakati wa kurudisha ilikuwa hivyo hivyo kwa kinyume.

Bomba lililopindishwa namna hiyo linaingia kwenye kiungo likiwa limeinama. Pete inabanwa upande mmoja. Uvujaji ulianzia hapo, na pete bora zaidi zingevuja vilevile.

## Swali lililobadilisha usanifu

Watu wakiambiwa watengeneze kiungo kinachofunguka kwa urahisi, huanza kufikiria kifungio: nati ya mkono, kibano cha haraka, robo mzunguko. Timu ilianza na swali jingine: kifungio kikishaachia, bomba litakwenda wapi? Kwa kila bomba kati ya yale 18 na yale mawili ya pampu, mwelekeo wa kutokea ulichorwa kwanza, na kipimo cha nafasi inayohitajika kikaandikwa. Kiungo kilichaguliwa baada ya hapo.

Njia zilizopimwa zilikuwa hizi.

Yunioni, yaani kiungo cha vipande viwili vinavyovutwa pamoja na nati moja, yenye uso bapa na washa ya mpira. Faida yake kubwa ni kwamba bomba linatoka kwa kuteleza ubavuni, bila kusogea hata milimita moja kwa urefu wake. Yunioni ya kikalio cha koni haina sifa hiyo, kwani koni inaingia ndani ya mwenzake. Yunioni bapa ilikataliwa kwa mabomba mengi kwa sababu nafasi kati ya bomba na bomba ilikuwa mm 60 tu, spana haikuwa na pa kuzungukia, na washa hudondoka mtu anapofanya kazi juu ya kichwa chake. Ilikubaliwa kwa upande wa pampu unaovuta.

Kipande cha mpira wenye nyuzi, urefu mm 80, kinachovishwa juu ya ncha mbili na kukazwa kwa klipu. Njia hii ni rahisi, na sehemu nyingi ndiyo jibu sahihi. Ingefaa idharauliwe kidogo kuliko inavyodharauliwa. Lakini inahitaji ncha ya bomba iwe na tuta la kuzuia mpira usichomoke, na klipu 72 za kukazwa na kulegezwa kila wiki mbili ni kazi ileile kwa jina jingine. Ilitumika sehemu moja tu: mahali bomba la pinda linapoungana na mashine.

Kibano cha duara kinachoshika ncha mbili zenye mabawa, kama kinavyotumika kwenye mitambo ya maziwa. Kinafunguka kwa mkono, na bomba linatoka ubavuni. Kingeshinda bila ubishi. Kilichokiangusha ni kuchomelea mabawa 36 kwa unyoofu unaotakiwa. Bawa likikaa pembeni hata kidogo, bomba zima linakuwa limejipinda.

Soketi ya kuteleza, yaani kipande chenye tundu ambamo ncha ya bomba huingia, yenye oringi (pete ya mpira ya kuziba maji) ndani. Hiyo ndiyo iliyochukuliwa. Bomba lenyewe linabaki laini, halichomelewi kitu kwenye ncha, na kazi yote ya usahihi inafanyika kwenye mashine ya kukereza, kwenye kipande cha brasi kinachokaa mkononi.

## Muundo wa kwanza

Bomba lililonyooka kati ya soketi mbili linakabiliwa na tatizo lilelile la kukosa pa kwenda. Dawa yake ni kuifanya soketi moja iwe fupi na ya pili iwe ndefu. Fupi ilikuwa na kina cha mm 20, ndefu mm 42. Bomba likiwa mahali pake, limeingia mm 18 kwenye fupi na mm 20 kwenye ndefu, kwa hiyo urefu wake ni nafasi kati ya nyuso mbili za soketi kuongeza mm 38. Likisukumwa mm 22 ndani ya soketi ndefu, ncha ya pili inachomoka kwenye fupi na kubaki na mm 4 za hewa. Hapo linainamishwa, linapita ubavuni mwa soketi fupi, linavutwa nje.

Mm 2 zilizoachwa chini ya soketi fupi si za bure. Bomba la stenlesi la mm 900 likipata joto la nyuzi 25 zaidi linarefuka karibu mm 0.4, likiwa limegota pande zote, linasukuma mabano ya ukutani.

Ili bomba lisiteleze lenyewe, pete ya brasi ililehemiwa juu yake kwa lehemu ya fedha, mm 24 kutoka uso wa soketi ndefu. Kati ya pete na soketi kikapachikwa kipande cha plastiki chenye umbo la C, urefu mm 23. Ukikichomoa kwa kidole, bomba liko huru.

Oringi ilikuwa ya EPDM (aina ya mpira wa viwandani), kipenyo cha ndani mm 22, unene mm 2.5. Mfuo wake, yaani mfereji inamokaa ndani ya soketi, ulikerezwa hadi kipenyo cha mm 26.0, upana mm 3.4. Nafasi kati ya bomba na sakafu ya mfuo inakuwa mm 2.0, yaani oringi inabanwa asilimia 20. Bomba likiwa pungufu au zaidi kwa mm 0.1 ya kipenyo, mbano unabaki kati ya asilimia 18 na 22, na hiyo inatosha. Oringi inajaza kama asilimia 72 ya mfuo. Ikiachiwa nafasi ndogo mno haina pa kutanukia, na bomba linakuwa gumu kusogea.

Tundu la soketi lenyewe lilikerezwa mm 22.1 kwa kina chote.

## Mambo yaliyokwama

### Bomba halikuinama

Siku ya kufunga, kila bomba liliingia vizuri. Siku ya kutoa, mabomba yaliteleza ndani ya soketi ndefu kama yalivyochorwa, mm 4 za hewa zikaonekana, halafu yakagoma. Hesabu ilikuwa wazi baada ya kuitazama: upenyo (nafasi kati ya bomba na tundu) wa mm 0.1 juu ya kina cha mm 42 unaruhusu ncha ya mbali, mm 900 kutoka hapo, icheze mm 2 tu. Ili ipite ubavuni mwa soketi yenye kipenyo cha nje cha mm 34 inahitaji mm 28: nusu ya soketi, mm 17, na nusu ya bomba, mm 11. Mafundi wakarudi kukunja bomba kwa bega.

Chanzo cha kipimo cha mm 22.1 ni majedwali ya mitambo ya mafuta. Kwenye baa 200 upenyo lazima uwe mdogo sana, la sivyo oringi inasukumwa ikaingia kwenye ufa na kukatwa. Kwenye baa 0.4 hatari hiyo haipo kabisa. Shinikizo dogo linampa msanifu uhuru wa upenyo mpana, na uhuru huo ndio hasa unaohitajika ili bomba liiname.

Soketi ndefu zilirudishwa kwenye mashine. Tundu la mdomoni lilipanuliwa hadi mm 22.4, na sehemu inayolishika bomba ikafupishwa kuwa mm 11 kwa jumla: mm 4 mbele ya mfuo, mfuo wenyewe, na ukuta wa mm 3.6 nyuma yake. Zaidi ya hapo tundu likachimbwa hadi mm 26, bomba lielee ndani bila kugusa. Sasa upenyo wa mm 0.4 juu ya mm 11 unaipa ncha ya mbali kama mm 33. Zinatosha, zikiwa na mm 5 za ziada.

Gharama ya upenyo huo ipo. Bomba likilala upande mmoja wa tundu, oringi ya upande wa pili inabaki na mbano wa asilimia 12 badala ya 20. Bado inaziba maji ya baa 0.4, lakini haifai kubebeshwa pia uzito wa bomba. Kila bomba lilipewa kitanda cha V katikati, kimeinuliwa hadi liwe sawa na mhimili wa soketi.

### Oringi zilikatwa

Mabomba yalikuwa yamekatwa kwa msumeno na kupigwa tupa kidogo. Oringi ya mm 2.5 ikikaa ndani ya mfuo wa mm 26 inaacha tundu la mm 21, wakati ukingo wa bomba ni mm 22. Kwa hiyo ncha kali ya bomba inaigonga oringi uso kwa uso, inaichana au kuivuta nje ya mfuo. Mchano wenyewe ulikuwa mdogo, umbo la mwezi mchanga, urefu kama mm 3, na ulionekana tu oringi ikigeuzwa kwenye mwanga.

Ncha zote zilikerezwa mteremko wa nyuzi 20 kwa urefu wa mm 2, hadi kipenyo cha mbele kikawa kama mm 20.5, yaani chini ya mm 21. Ukuta wa bomba unabaki mm 0.5 pale mbele, si ukingo wa kisu. Kisha ncha ikasuguliwa kwa msasa laini kuzunguka bomba. Mkwaruzo unaokwenda kwa urefu wa bomba ni mfereji wa kupitisha maji chini ya oringi.

### Bomba la pinda liliruka

Mabomba yaliyonyooka hayakuwahi kuchomoka, na hayakuwa na sababu. Bomba lililonyooka kati ya soketi mbili linasukumwa sawa pande zote mbili. Zinazosukumwa kuachana ni soketi, kwa nguvu ya shinikizo mara eneo la kipenyo cha mm 22. Kwa baa 0.4 hiyo ni kama nyutoni 15. Mabano ya kawaida ya ukutani yanaibeba.

Bomba la pinda haliko hivyo. Linasukumwa kuelekea nje ya pinda, na hakuna mwenzake wa kulisawazisha. Katika muundo wa kwanza upande mmoja uliingia soketi fupi, upande wa pili ukaunganishwa na mashine kwa kipande cha mpira, na kilichoshikilia soketi kilikuwa msuguano wa oringi na ukanda wa mpira. Kwa nyutoni 15 ilitosha. Lakini njia ya kila mashine ilikuwa na vali ya umeme inayofunga mara moja. Maji yanayokwenda mita 0.5 kwa sekunde, ambayo ni kama lita 9 kwa dakika kwenye bomba hili, yakisimamishwa ghafla yanapandisha shinikizo kwa baa 6 hadi 7 kwa kitambo kidogo. Nguvu ya kulichomoa bomba kwenye soketi inafika karibu nyutoni 250. Katika wiki ya tatu moja likaruka, maji yakamwagika sakafuni hadi vali ya tangi ilipofungwa. Kipimo cha shinikizo kilichokuwa ukutani kilikuwa kimeonyesha 0.4 siku zote, kwa sababu sindano yake haiwezi kufuata kitu kinachopita upesi hivyo.

Yalifanyika mawili. Kwanza, pete ililehemiwa kwenye bomba la pinda na mfuo ukakerezwa nje ya soketi, kisha bamba la stenlesi la mm 2 lenye umbo la U likakunjwa liwe na mapengo mawili, moja likae kwenye mfuo wa soketi na jingine nyuma ya pete. Linaingia kutoka juu na kutoka kwa mkono. Lilijaribiwa kwa kuning'iniza kilo 30. Pili, vali za umeme zilibadilishwa kwa zinazofunga polepole, kama sekunde 2. Kwa njia ya mita 20, wimbi la shinikizo huenda na kurudi kwa takriban sekunde 0.03, kwa hiyo sekunde 2 ni muda mrefu wa kutosha kulituliza. Kati ya hayo mawili, la vali ndilo lenye uzito zaidi, kwani linalinda pia mpira, mabano na viungo visivyofikiriwa.

### Hewa upande wa kuvuta

Kwa haraka ya kazi, mabomba mawili ya pampu yalifungwa soketi za oringi kwa muda badala ya yunioni zilizokubaliwa. Hayakudondosha tone, na pampu ikaanza kunguruma. Upande wa kuvuta, shinikizo la ndani liko chini ya la nje: kiungo kibovu hakitoi maji, kinaingiza hewa. Mtetemo wa pampu ulikuwa unalisogeza bomba ndani ya upenyo wa mm 0.4, na oringi ikiachia kidogo, hewa inapita. Povu la sabuni lililopakwa kwenye kiungo lilinyonywa ndani, na hapo ndipo chanzo kilipoonekana. Yunioni bapa zenye washa za EPDM za mm 3 zilifungwa kama ilivyopangwa.

### Grisi

Mtu aliyefanya usafi wa pili alipaka oringi mafuta ya kujipaka mwilini ili ziteleze. EPDM ni mpira mzuri kwa maji, lakini mafuta yatokanayo na petroli huufanya uvimbe. Baada ya wiki mbili mabomba yale yalihitaji watu wawili kuyavuta. Oringi zote zilizopakwa zilibadilishwa, na kopo la grisi ya silikoni likafungwa kwa mnyororo kando ya mashine ya kwanza.

## Matokeo

Kabla, kutoa na kurudisha mabomba 18 kulichukua watu wawili sehemu kubwa ya zamu. Sasa mtu mmoja anamaliza kwa saa moja na nusu, bila spana isipokuwa bisibisi ya klipu sita za mpira. Vitambaa vimeondolewa. Mabano ya bomba kuu, yaliyokuwa yamelegea kwa kusukumwa na mabega, yalikazwa upya na hayajalegea tena.

Oringi za soketi ndefu zinachakaa upesi kuliko za soketi fupi, na sababu yake haijaondoka.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni jozi ya soketi fupi na ndefu. Ni wazo rahisi, linahitaji tu kwamba hesabu mbili zifanyike pamoja: ya kusogea kwa urefu na ya kuinama. Timu ilifanya ya kwanza kwa makini, ya pili ikasahaulika mpaka bomba likagoma. Bomba likiwa fupi zaidi, tuseme mm 300, upenyo uleule wa mm 0.4 ungeipa ncha mm 11 tu, na muundo huu usingefaa. Hapo yunioni bapa au kibano cha duara ndivyo vya kutumia hata kama ni ghali.

Uamuzi wa kutogusa ukuta wa bomba ulikuwa sahihi. Kukereza mfuo wa oringi juu ya bomba lenye ukuta wa mm 1.2 kungeliacha na ukuta mwembamba pale pale linapobanwa, na bomba ndilo kitu kinachogongwa, kuangushwa na kusuguliwa. Oringi ikikaa ndani ya soketi, bomba likiharibika linabadilishwa na jingine lililokatwa na kuchongwa ncha.

Kosa la msingi katika kuchagua kifungio cha pinda lilikuwa kutumia shinikizo la tangi kama shinikizo la kusanifia kiungo. Mfumo unaitwa wa shinikizo dogo maadamu maji yanakwenda au yamesimama, si yanaposimamishwa ghafla. Anayebuni kiungo kisicho na uzi wa kukishika anapaswa kuorodhesha kila vali na muda wake wa kufunga kabla hajaandika kipimo chochote cha kibano.

Kuhusu oringi za soketi ndefu, kinachozila ni ukoko wa chokaa. Sehemu ya bomba iliyo ndani ya soketi, nyuma ya oringi, inakaa majini wiki mbili na kuota ukoko upande wa nje. Bomba linapovutwa, ukoko huo unapita juu ya oringi kama msasa. Vumbi la upande wa nje nalo linaingizwa ndani bomba linaposukumwa. Utaratibu uliopo sasa ni huu: funga vali ya tawi, fungua kizibo cha kumwagia na subiri tone la mwisho, chomoa kipande cha C, futa bomba kwa kitambaa chenye maji kati ya soketi ndefu na pete, ndipo usukume. Wakati wa kurudisha, ncha ikaguliwe kwa kucha. Kucha ikikwama, ukoko bado upo na bomba linarudi kwenye asidi. Oringi za soketi ndefu, 12, zinabadilishwa kila miezi mitatu bila kusubiri zivuje. Za soketi fupi, 18, zinabadilishwa mara moja kwa mwaka.

Alama mbili zimechorwa kwa kalamu ya kuchonga kwenye kila bomba lililonyooka, moja mm 18 kutoka ncha ya kwanza na nyingine mm 20 kutoka ncha ya pili. Alama ikionekana nje ya soketi, bomba halijafika. Ikiwa imezama upande mmoja na ile ya upande wa pili iko wazi, kipande cha C hakijakaa mahali pake, na vali isifunguliwe.